Upande wa Pili wa Pua ya Buzinda

"Mbwa walibweka?"

"Walibweka."

"Na weye ulifanya nini?"

"Nililala."

"Mutu mwenye kulala hasikii mbwa, Aganze."

Mwanaume aliyeketi mbele ya Inspekta Eulalie alikohoa kwanza. Kasho ya komisaria, mahali wanapofungiwa watuhumiwa, ina unyevu, na kikohozi chake kilikuwa kimeshuka kutoka kooni hadi kifuani tangu aletwe. Alikuwa mvuvi mwenye mabega mapana, lakini kwenye kile kiti alikuwa amejikunja kama mtu anayebanwa na baridi.

"Nilisikia," alisema. "Sikutoka. Inspekta, kwetu kule kisiwani, mbwa wakibweka usiku, nani anatoka? Hata hapa Bukavu, weye unatoka?"

Eulalie mwenyewe hatoki. Anakaa mtaa wa Panzi. Kule mlango ukishafungwa jioni, haufunguliwi hata kwa jirani.

"Asubuhi ukamukuta Fabien."

"Si mimi. Wamama walishuka kuosha vyombo, wakamukuta juu ya mawe. Waliniita. Nilipomuona nilijua mambo imeniharibikia."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Fabien, muuza sambaza, dagaa wakavu wa ziwani, katika soko la Nyawera, alikuwa shemeji yake. Alimwoa Francine, dada ya Aganze, akazaa naye, kisha akaleta mwanamke mwingine nyumbani na kumrudisha Francine kisiwani na watoto wake na godoro moja. Aganze akasema mbele ya watu, kwenye matanga: huyu akikanyaga tena kijiji chetu cha Mabuye, hatarudi kwa miguu yake. Sasa Fabien alikutwa amekufa Mabuye, chini kabisa ya nyumba ya Aganze. Katika kazi ya polisi kuna kesi zinazokuja zimeshapikwa. Hii ilikuja na sahani yake.

"Kwenu kuna mchanga?" Eulalie aliuliza.

Aganze alimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. "Kwetu ni mawe tu. Ndiyo jina lenyewe, Mabuye. Mchanga iko ng'ambo ya Pua, ule mwamba wa ncha, kwa watu wa Kashenyi."

Ofisini, Komanda Didier alikuwa ametandika foto mezani kama karata. Alikuwa bosi asiyependa dosie za kesi zinazokaa bila kufungwa.

"Tazama mgongo," alisema. "Shati yote imechorwa, mistari mistari, rangi ya damu iliyokauka. Huyo alichapwa na fimbo. Tazama kucha. Udongo. Alijitetea, akakwaruza chini. Na kuna mtu aliyeapa mbele ya watu. Kesho kutwa ninamtuma kwa waendesha mashtaka wa parke, na parke watamtuma gereza kuu. Unatafuta nini ingine, maman?"

"Daktari ameandika mchanga ndani ya masikio na puani. Na maji kifuani."

"Ziwa lina maji na mchanga. Hiyo si ajabu."

"Mabuye hakuna mchanga, Komanda."

"Basi nenda ukahesabu mawe. Kesho jioni unirudishie mashua. Na usinipotezee mafuta."

Eulalie aliifahamu ile njia ya kesho kutwa. Mtu akiingia kule, dosie inalala, na mwenye dosie analala nayo. Aganze, kwa kile kifua chake, asingelala muda mrefu.

*

Guy, polisi anayeendesha mashua ya moteri, ni mtu wa Miti, mji wa bara, na watu wa Miti si watu wa maji. Lakini alijifunza, na kwa sababu alijifunza ukubwani anaogopa ziwa kwa adabu. Waliondoka asubuhi. Waliacha nyuma nyumba za Bukavu zilizopandana kwenye vilima, wakapita rasi moja baada ya nyingine, mpaka vilima vya bara vikawa bluu na Buzinda ikatokea mbele.

Kisiwa hicho ni kirefu na chembamba, kama samaki aliyelazwa. Mkia wake uko upande wa bara, na huko ndiko kuna soko, kanisa na shule. Kichwa kinatazama maji mapana na milima ya Rwanda. Ukifuata kisiwa mpaka kichwani, ardhi inajibana, inakuwa shingo ambayo mtu anaivuka kabla jasho halijamtoka, kisha inapanuka tena kidogo na kunyoosha mwamba mweusi ndani ya ziwa. Ule mwamba ndio Pua. Baada yake hakuna shamba wala nyumba. Kuna ndege aina ya mnandi wenye kukausha mabawa, na maji yanayochemka juu ya jiwe lililozama.

"Hapo ndipo watu wanafia," Guy alisema, akiipa Pua nafasi kubwa. "Kiangazi upepo unatoka kusini, unapiga huu ubavu. Mtu mwenye mtumbwi mdogo akitaka kuzunguka, anapigwa kiubavu."

"Zima moteri."

"Hapa?"

"Hapa."

Guy alizima, akafanya ishara ya msalaba haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Mashua ikaanza kuyumba. Eulalie alikuwa amebeba chupa za plastiki. Alizijaza maji nusu ili zielee kwa uzito, akazifunga, akairusha ya kwanza upande wa kusini wa Pua. Ile chupa ilisita, kisha ikaondoka polepole, ikifuata mawimbi, moja kwa moja hadi kwenye ghuba ya kusini. Kule pwani ilikuwa nyeupe, na juu ya mchanga ulionekana mstari wa takataka: magugu, matawi, vipande vya ndala, chupa nyingine.

"Kashenyi," Guy alisema. "Kila kitu kinachopotea ziwani kinaenda kwao."

Walisogea karibu na ncha. Eulalie akarusha nyingine, na nyingine, mara kusini, mara mbele kabisa ya Pua, mahali maji yanapochemka. Hii ya mwisho ilizunguka juu ya jiwe kama mwenye kizunguzungu, akadhani itapita upande wa kaskazini. Haikupita. Upepo uliibeba kuirudisha, ikafuata wenzake.

"Inspekta," Guy alisema, "sasa tumejua kutupa takataka. Moteri niwashe?"

"Washa. Twende Mabuye."

Walipoizunguka Pua, upepo ulikatika kama mtu amefunga mlango. Upande wa kaskazini maji yalikuwa laini, yakiramba mawe meusi ya duara. Eulalie aliangalia pwani yote. Hakuona chupa wala ubua mmoja. Pua ilikuwa imeukinga ule ubavu kama mkono unaokinga mshumaa.

Kitu cha ziwa hakifiki hapa kiangazi. Mtu aliyekufa maji hafiki hapa. Komanda angesema hivyo pia: ndiyo, hakufika kwa maji, aliuawa hapahapa. Lakini mchanga masikioni haukuwa wa hapahapa.

*

Francine alikuwa akianika majani ya muhogo juu ya mwamba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo. Alipomwona polisi wa kike akishuka mashuani hakuinuka, ila alisogeza watoto nyuma yake.

"Muliacha mwingine, mumekuja kumuchukua?" aliuliza.

"Hapana, maman Francine. Nimekuja kuona mahali."

"Mahali muliona. Mulipiga foto."

"Mimi sikupiga. Nionyeshe."

Aliongoza bila neno. Ilikuwa mahali mawe yanapokwisha na njia ya udongo mwekundu inapoanza kupanda kwenda kwenye nyumba. Nyumba yenyewe ilionekana juu, mabati na mlango wa mbao.

"Alilala namna gani?"

"Kifudifudi. Miguu ku mawe, kichwa huku." Alionyesha juu, upande wa nyumba. "Mikono mbele."

"Uso ulikuwa umefunikwa, kama wa maiti?"

"Na nini?"

Eulalie alitoa foto akalinganisha. Ilikuwa hivyo. Akauliza kama Fabien alikuwa amesema atakuja.

"Fabien hakuwa mutu wa kusema," Francine alijibu. "Tangu anirudishe, sikuona hata salamu. Ndugu yangu alisema mubaya mbele ya watu, ni kweli. Lakini Aganze ni mutu wa mudomo. Mutoto akijikata kidole, yeye ndiye analia. Nilimuambia ile Komanda yenu. Aliniambia, maman, wauaji wote wako na dada."

Kutoka pale njia nyingine ilikata kushoto, kuelekea shingo. Haikuwa njia ya kawaida. Ilitandikwa vigogo vya migomba, kimoja mbele ya kingine, vikilala kwa kukatisha kama ngazi iliyolazwa chini. Vingine vilikuwa vimekauka na kupasuka, vingine bado vya kijani.

"Hii ni ya nini?"

"Kiangazi hatuzunguke Pua," Francine alisema. "Sisi na Kashenyi tunavutia mitumbwi hapa, juu ya migomba. Inateleza yenyewe. Wao wakitaka maji ya kaskazini wanapita, sisi tukitaka ya kusini tunapita. Baba zetu waliacha vile."

Eulalie alipanda akaifuata. Njia ilikuwa laini kuliko alivyodhani. Kwenye kigogo kibichi mguu ulimtoka, akakaa chini kwa kishindo, mgongo ukilala juu ya mgomba. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walijaribu kutocheka, wakashindwa.

"Pole, maman polisi," mmoja alisema. "Sasa ile blauzi umeiaga. Hiyo maji ya mugomba haitoke, hata kwa sabuni ya muzungu."

Eulalie alijua haitoki. Amezaliwa Nyangezi, katikati ya migomba. Mama yake alikuwa na nguo moja ya kukata ndizi na hakuivaa kwa kitu kingine. Utomvu unatoka mweupe kama maji, unakauka, na kesho yake ni kahawia, rangi ya damu ya jana. Alijigeuza aone mgongo wa blauzi. Mstari ulikuwa umeshaanza kujichora, kukatisha kutoka ubavu hadi ubavu. Akaichukua foto ya shati la Fabien. Mistari ya kukatisha, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja kwa upana wa kigogo.

Huyu hakuchapwa. Huyu alivutwa, chali, juu ya migomba, kama mtumbwi.

Aliivuka shingo kwa miguu. Guy alimfuata akiwa na silaha begani na viatu mkononi.

*

Bwana wa pwani ya Kashenyi, ambaye bila neno lake hakuna mtumbwi unaoshuka majini, ni Ezéchiel. Alikuwa mzee mkavu mwenye kofia ya sufu, na walimkuta akitengeneza wavu chini ya kibanda, na mkaza mwana wake Noëlla akimvutia kamba.

"Asinge, tata," Eulalie alimsalimia.

"Asinge, mwana wangu." Mzee alifurahi kusikia lugha ya Mashi kinywani mwa polisi, kisha akaona blauzi yake, na furaha ikapungua. "Umeanguka ku migomba."

"Nimeanguka. Na mimi si wa kwanza kupata hii rangi."

Mzee alirudi kwenye wavu.

"Papa Ezéchiel, nataka unieleze kitu. Mutu akikufa maji kiangazi, maji inamuleta wapi?"

"Mungu ndiye anajua."

"Nimetupa chupa kule mbele. Mungu amezileta zote kwako."

Guy aliangalia pembeni asicheke. Noëlla aliacha kuvuta kamba.

"Zilifika," mzee alikubali. "Watoto walizikimbilia."

"Na Fabien?"

"Yule walimukuta Mabuye. Kila mutu anajua."

"Walimukuta Mabuye na mchanga wako masikioni, na utomvu wa migomba yenu mgongoni. Hakuna mtumbwi uliombeba. Mulimulaza chali juu ya vigogo mukamuvuta. Juu ya nini, kwa sababu gani, hamukumubeba ndani ya mtumbwi?"

 Kuku alipita katikati yao. Eulalie aliacha swali likae. Macho yake yalizunguka kibanda: makasia, taa za kuvulia, mabidoni, madumu ya njano yaliyopangwa. Moja lilikuwa na kamba ya kitenge shingoni na tawi kavu la mti uitwao mwenge limefungwa pale. Watu wa huku hawafungi tawi la mwenge kwenye bidoni la mafuta.

"Ile bidoni ni ya nani?"

Noëlla ndiye aliyejibu, sauti ikiwa chini. "Ililetwa na ziwa. Ilielea."

"Ilikuwa na nini?"

"Noëlla," mzee alisema.

"Kasiksi," Noëlla alisema. "Nzuri. Ya ndizi ya kuiva vizuri."

Eulalie alilisogelea akalinusa. Pombe ya ndizi, na tawi la mwenge shingoni. Hata mtoto wa Nyangezi anaijua hiyo: ni pombe ya mwanaume anayekwenda kwa wakwe kuomba mke wake arudi. Na anayekwenda kuomba radhi hapiti nyuma ya nyumba. Hashuki pwani ya jirani na kuvuka kichochoro kama mwizi wa kuku. Anaingia kwa mbele, kwa pwani ya wakwe wenyewe, watu wamwone akija. Ndiyo sababu Fabien, mtu wa soko asiyejua kupiga kasia, alijaribu kuizunguka Pua kiangazi, na ziwa likampindua.

"Tuliinywa," Ezéchiel alisema. Aliweka wavu chini. "Nikuambie, mwana wangu, na ukisha sikia utafanya kazi yako. Ilikuwa jioni, tunashusha mitumbwi. Giza la mwezi lilikuwa linaanza, sambaza inapanda kwa taa. Tukamukuta pale ku mchanga. Mutu wa maji akilala kwako, pwani yako inafungwa. Nyavu zinalala mpaka ndugu zake wafike, wamuzike, waoshe pwani. Huyu ndugu zake ni wa wapi? Hatukujua. Watakuja lini? Na askari watafika kwanza, waseme sisi ndiyo tulimuua. Mabuye walituvushia mumoja masika iliyopita, upepo ulipogeuka. Hatukusema kitu. Nasi tukawavushia huyu. Ni vile tunaishi, sisi na wao. Hakuna mwenye kushitaki mwingine."

"Juu ya nini si mtumbwi?"

"Mtumbwi ukibeba mutu wa maji, nani atauingia tena? Anapita ku migomba. Uso wake tunafunika na jani, mbele ya yote, asituone. Na anayemuvuta hasemi. Kutoka mchanga mpaka mawe, hakuna neno. Nilishika mabega. Vijana wangu kiuno. Noëlla miguu."

"Mulimulaza namna gani mulipofika?"

"Kama inavyofanywa. Chali, juu ya mawe, kichwa ku maji. Kichwa kikitazama nyumba, atafuata watu. Kikitazama maji, anarudi kwa wenye kumuchukua."

"Una hakika? Kichwa ku maji?"

"Ni mimi nilikishika."

Eulalie alisita. Alikuwa na alichokuja kutafuta. Mistari ilikuwa ya utomvu, mtu alitoka Kashenyi, Aganze hakumgusa. Angeweza kuandika hayo, mzee atie kidole, na kesho jioni kasho ifunguliwe. Lakini udongo wa kwenye kucha ulikuwa bado haujajibiwa, na Komanda angekuwa wa kwanza kuuliza.

Alitoa foto akaiweka juu ya wavu.

Mzee aliitazama kwa mbali, kisha akaiinua na kuisogeza karibu na macho. Fabien kifudifudi. Kichwa juu, upande wa nyumba. Mikono mbele, vidole vimezama katika udongo mwekundu. Hakuna jani.

"Nani alimugeuza?" Ezéchiel aliuliza.

"Wamama walimukuta hivi. Francine ameniambia, kabla sijamuonyesha foto."

"Labda mbwa."

"Mbwa hamugeuzi mutu, papa. Na hamuchimbishi kucha."

Mzee aliendelea kuitazama. Mdomo wake ulikuwa ukitembea bila sauti, kama mtu anayerudia njia: mchanga, migomba, mawe.

"Muguu ilikuwa na moto," Noëlla alisema.

Mzee aliishusha foto.

"Muguu ya kuume. Nilikuwa nayo chini ya kwapa. Maji ya ziwa ni baridi, mutu akikaa ndani anakuwa baridi kama samaki. Yeye haikuwa vile. Na tulipofika mahali vigogo vinashuka, ilijivuta. Kidogo. Nilisema mu roho, ni migomba inateleza."

"Juu ya nini hukusema?" Guy aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza aingilie.

"Haisemwi," Noëlla alijibu. "Ukisema njiani, anakuchukua weye. Nilisema nitamuambia papa tukirudi. Tuliporudi watu walikuwa wamefungua bidoni. Papa aliniambia, kunywa, utoe baridi. Nikakunywa."

Ezéchiel alivua kofia yake ya sufu. Kichwa kilikuwa cheupe, kidogo kuliko Eulalie alivyotegemea.

"Mimi nilimufunika uso," alisema. "Nilifunika haraka. Sikumutazama. Nimetoa watu wa maji tangu ujana wangu, na hakuna hata mumoja nilitazama."

Eulalie alifungua karatasi ya PV, hati ya maelezo ya polisi, juu ya goti. Akamweleza mzee kwa maneno mepesi kwamba akisema hayo mbele ya sheria, Aganze atatoka. Na yeye ataulizwa kwa nini hakumsaidia mtu aliyekuwa hai. Kwamba parke haitajali habari za nyavu wala majani. Kwamba anaweza kwanza kutafuta mwanasheria Bukavu.

"Yule kijana wa Mabuye bado iko mu kasho?"

"Iko. Anakohoa."

"Na mukimupeleka gereza?"

"Papa, unajua gereza."

"Andika jina yangu. Hawa wengine walifuata neno langu. Noëlla hakuona kitu."

"Niliona, papa," Noëlla alisema.

"Weye iko na mutoto ku titi. Hukuona."

Eulalie aliandika jina la Noëlla pia, akaandika kwamba alikuwa mshahidi.  Mzee alitia kidole gumba kwenye wino, akakibandika, kisha akakipangusa kwenye wavu wake mwenyewe.

*

Mashua ilikuwa Mabuye, basi ilibidi waivuke shingo. Eulalie alitembea mbele. Ezéchiel alikuja katikati, fimbo mkononi na furushi la nguo begani, akikanyaga pembeni ya vigogo, kwenye majani, ingawa huko kulikuwa na miiba. Guy alikuwa nyuma. Hakumfunga pingu. Mzee angekwenda wapi? Pande zote ni maji.

Francine alikuwa bado kwenye mwamba wake. Alipomwona bwana wa pwani ya Kashenyi katikati ya polisi alisimama, majani ya muhogo yakaanguka miguuni pake.

"Ni wao," alisema.

"Ni siye," Ezéchiel alimjibu. "Ziwa lilimuleta kwetu. Tukamuvusha kwenu, kama vile nanyi munafanyaka. Ndugu yako hajui kitu."

Francine alishika mdomo. Kwa muda mabega yake yalishuka, na Eulalie aliona jinsi yalivyokuwa yamebeba. Kisha akauliza, na Eulalie alijua atauliza.

"Mulimuvusha amekufa?"

Mzee alimtazama Inspekta. Eulalie hakumsaidia. Haikuwa kazi yake kumsaidia, na haikuwa kazi yake kumzuia.

"Tulifikiri vile," Ezéchiel alisema.

Francine aligeuka. Alitazama pale mawe yanapokwisha, kisha njia nyekundu, kisha mlango wa mbao juu. Haukuwa mbali. Mtoto akiitwa kula kutoka pale juu, anaitikia akiwa kwenye maji.

"Alikuja kufanya nini?" aliuliza. "Aliniacha. Alikuja kufanya nini huku?"

"Alikuwa na bidoni ya kasiksi," Eulalie alisema. "Na tawi la mwenge. Alikuwa anakuja kukuomba."

 Guy alishuka kwenye mashua na kujishughulisha na kamba ambayo haikuwa na shida.

"Basi alifika," Francine alisema. "Hawa walimuleta mpaka kwetu. Alifika, akaanza kupanda, mbwa wakamusikia. Mimi pia nilikuwa macho, Inspekta. Aganze aliniuliza kutoka chumba chake, unasikia? Nikamuambia, lala, ni watu wabaya."

Eulalie hakuliandika hilo. Dosie haikulihitaji. Alimshika mzee mkono, akamsaidia kuingia mashuani, akamkalisha katikati ambapo maji hayarukii. Guy aliwasha moteri, na Francine akaja mpaka kwenye jiwe la mwisho, maji yakimgusa miguu.

"Aganze atatoka kesho?"

"Kesho jioni, Komanda akitia sahihi. Na atatia."

"Musimuambie kwamba Fabien alikuwa hai. Muambie tu ni watu wa Kashenyi. Ile ingine nitamuambia mimi, hapa nyumbani, siku nitaweza."

"Maman Francine, siwezi. PV inasomwa kwa sauti mbele yake, yote, kabla afunguliwe. Ni sheria."

Francine aliwaza. Mashua ilikuwa imeanza kuachana na jiwe.

"Basi musomee polepole," alisema.